Tuzo Zangu za Nusu Msimu, Hoki ya Boston College 2023–24: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Januari, vijana wanaporudi chuoni kutoka likizo ya Krismasi, huwa natoa tuzo kwa wachezaji wa Boston College. Sina kombe la kuwapa, sina jukwaa wala mdhamini. Nina daftari ninaloandika mechi baada ya mechi, na nina marafiki ambao hawakubali jina hata moja bila ubishi. Tuzo za msimu wa 2023–24 ndizo zilizozua mabishano kuliko zote, na mpaka leo nikikutana na watu bado wananirudisha kulekule. Nimeona niyajibu yote kwa pamoja.

Boston College ni chuo gani, na wewe uliingiaje huko?

Ni chuo cha Majesuti kilichoanzishwa mwaka 1863. Kipo Chestnut Hill, pembezoni mwa jiji la Boston, jimbo la Massachusetts. Timu zake zinaitwa Eagles, yaani Tai, na jezi ni za rangi ya damu ya mzee na dhahabu. Uwanja wa barafu unaitwa Kelley Rink, uko ndani ya jengo la Conte Forum, na kwa hoki unaingiza watu 7,884.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Brighton, mtaa mmoja wa Boston, na treni yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa ya njia ya kijani, tawi la B, ambalo linaishia pale chuoni. Ijumaa jioni behewa lilikuwa linajaa vijana waliovaa jezi, na siku moja badala ya kushuka kituo changu nikaenda nao hadi mwisho. Nimezaliwa Tanga. Barafu niliyokua nayo ni ile ya ubuyu, ya kung'ata pembe ya kifuko na kufyonza. Kilichonishika siku ile ni sauti: chuma kikikwangua barafu mchezaji anapofunga breki, na ule mshindo wa mwili kugonga ukuta wa pembeni, mshindo unaokufikia kwa miguu kabla haujafika masikioni. Sikuelewa sheria hata moja, lakini Ijumaa iliyofuata nilirudi.

Ni hoki ileile inayochezwa City Park, Nairobi?

Hapana, ile ni ya uwanja mkavu. Hii inachezwa kwenye barafu, kwa viatu vyenye wembe chini, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cheusi. Kila timu inaingiza watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Washambuliaji watatu wanaocheza pamoja wanaitwa safu, na safu moja haikai barafuni hata dakika nzima kabla ya kupisha nyingine, kwa sababu hakuna mapafu yanayohimili zaidi ya hapo. Mchezaji akifanya kosa anakaa kwenye boksi, mara nyingi dakika 2, na timu yake inacheza pungufu muda huo. Haya yanatosha kufuata majibu yaliyobaki.

Kwa nini nusu msimu? Si usubiri uishe?

Msimu wa vyuo unaanza Oktoba na kumalizika Aprili. Desemba kuna mitihani, kisha mapumziko. Na katikati ya mapumziko hayo, kuanzia siku inayofuata Krismasi, kuna ubingwa wa dunia wa vijana wa chini ya miaka 20, unaonyakua wachezaji bora wa vyuo. Wakirudi, mambo yanabadilika. Februari, Jumatatu mbili za mwanzo, kuna Beanpot: BC (yaani Boston College), Boston University, Harvard na Northeastern wanagombea heshima ya jiji. Machi ni mashindano ya ligi yetu, Hockey East, halafu ya taifa yenye timu 16.

Kuanzia Februari kila mechi inaangaliwa kwa jicho la kikombe. Mchezaji akifunga bao moja kubwa, miezi minne ya kazi ya mwenzake inasahaulika. Ndiyo maana nataka kuandika mapema, wakati kumbukumbu bado ni ya mechi zenyewe, zikiwemo zile za Novemba ambazo nusu ya viti ilikuwa wazi. Tuzo ya Januari inasema nani aliibeba timu mpaka hapo. Haitabiri chochote.

Nani alipata nini?

Mchezaji bora wa nusu msimu: Cutter Gauthier. Mwanafunzi bora wa mwaka wa kwanza: kipa Jacob Fowler. Safu bora: Gabe Perreault, Will Smith na Ryan Leonard, tuzo moja kwa watatu. Beki bora: nahodha Eamon Powell. Mpishi bora wa mabao: Oskar Jellvik. Na ile ninayoiita tuzo ya jembe, ya mtu anayelima wakati wengine wanavuna, ilikwenda kwa Jack Malone.

Unapima kwa kitu gani?

Naanza na namba, lakini siishii hapo. Katika hoki bao moja linaweza kuwapa pointi watu watatu: mfungaji, aliyempa pasi, na aliyempa pasi yule aliyetoa pasi. Zote zinahesabiwa pointi moja moja, sawasawa. Sasa, pasi ya kwanza mara nyingi ndiyo bao lenyewe. Ya pili inaweza kuwa kazi kubwa, beki anayetoka na kisahani katikati ya watu wawili, au inaweza kuwa mtu aliyegusa tu na kuendelea na safari zake. Kwenye karatasi zinafanana. Kwenye daftari langu nazitenganisha: pasi ya kwanza naweka alama ya vema, ya pili naweka nukta, na kama ile ya pili ilikuwa ya jasho naizungushia duara.

Halafu naangalia mabao yalifungwa wakati gani. Bao la nne katika ushindi wa nne kwa bila ni zuri, lakini si sawa na la kusawazisha kipindi cha tatu. Naangalia pia kama lilifungwa wapinzani wakiwa pungufu, maana pale nafasi ni kubwa, na timu yenye vipaji kama ile lazima ifunge.

Cha mwisho ni kitu kisicho na namba: mchezaji anafanya nini anaponyang'anywa kisahani. Anayerudi mbio kukaba, nusu sekunde ileile, huyo ninampa uzito. Anayeinua mikono kumlalamikia mwamuzi, nikimwona mara tatu namwondoa kwenye orodha hata kama anaongoza kwa pointi.

Kwa nini Gauthier na siyo Will Smith? Si Smith ndiye aliyeongoza kwa pointi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ni swali la haki. Smith alimaliza msimu na pointi 71, mabao 25 na pasi 46, katika mechi 41. Hakuna mchezaji wa chuo chochote Marekani aliyempita. Gauthier alimaliza na 65: mabao 38, pasi 27. Yeye naye aliongoza nchi nzima, kwa mabao.

Kwa hiyo ukiuliza nani ana pointi nyingi, jibu ni Smith na hakuna ubishi. Mimi niliuliza jingine: nusu ya kwanza ya msimu, wapinzani walimpangia nani beki wao bora? Smith alikuwa na Perreault kushoto na Leonard kulia, ukimfunga mmoja wawili wanabaki. Gauthier alikuwa ndiye tishio kuu la safu yake, timu pinzani zilijua, wenyeji walijua, hata mama anayeuza chokoleti ya moto alijua kisahani kinakwenda kwa nani. Na bado alifunga.

Nitaeleza nilichokiona kwa karibu, maana nilikuwa nimekaa safu ya tano nyuma ya goli. Wapigaji wengi wanakipokea kisahani, wanakituliza, kisha wanavuta gongo nyuma. Katika ule mvuto wa nyuma, kipa anapata muda wa kujipanga. Gauthier hakuwa na mvuto huo. Kisahani kikigusa gongo lake, mkono wa chini unasukuma, gongo linapinda kama upinde na kinaachiliwa, tendo moja. Ukimtazama kipa utaona bega lake linainuka wakati nyavu tayari zimeshatikisika. Hilo si jambo la bahati. Mwaka wake wa kwanza, 2022–23, alikuwa na mabao 16. Kutoka 16 hadi 38 ni majira yote ya joto ya kupiga visahani peke yako.

Smith ni mchezaji wa aina nyingine, na ninampenda kwa dhati. Anasubiri. Anakishika kisahani robo sekunde zaidi kuliko ulivyotegemea, beki anahamisha uzito wake mguu mmoja, na hapo ndipo pasi inapotoka, kwenye upande ule mguu ulikotoka. Machi, fainali ya Hockey East dhidi ya Boston University, alitupia manne peke yake na tukashinda 6–2. Kama tuzo zangu zingekuwa za Machi, jina lingekuwa lake. Zilikuwa za Januari.

Uliathiriwa na sakata la Philadelphia?

Kwa wasiojua: Philadelphia Flyers, klabu ya NHL (ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada), walimchagua Gauthier wa tano kwenye drafti ya 2022, yaani zoezi la klabu kugawana haki za wachezaji vijana. Hakutaka kusaini nao. Tarehe 8 Januari 2024 haki zake zikahamishiwa Anaheim Ducks, na Philadelphia wakapata beki Jamie Drysdale pamoja na nafasi ya kuchagua mchezaji katika raundi ya pili ya 2025. Kijana wa miaka 19 akageuka adui wa mji mzima aliokuwa hajauchezea hata mechi moja.

Siku tatu kabla ya habari hiyo kutoka, alikuwa Gothenburg, Sweden, akivishwa medali ya dhahabu. Marekani iliifunga Sweden 6–2 kwenye fainali ya vijana, nyumbani kwao, na Gauthier akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Alizaliwa Sweden huyu, mjini Skellefteå, wakati baba yake akiwa kipa wa kulipwa kule. Fikiria wiki ya namna hiyo: dhahabu katika nchi uliyozaliwa, kisha jina lako linatukanwa kila kona.

Tuzo yangu haikuwa ya kumfariji wala ya kumtetea. Nilikuwa nimeshaandika jina lake kabla ya Krismasi. Kama alikosea au alikuwa na haki, hayo ni baina yake na waliokuwa mezani. Barafuni alirudi Januari ileile na kuendelea na kazi.

Umewezaje kuwaruka Smith, Perreault na Leonard kwenye tuzo ya mwaka wa kwanza?

Kwanza niwaelezee watatu hawa, kwa sababu habari yao ni tamu. Walifika chuoni wakiwa tayari ni safu. Walicheza pamoja kwenye programu ya vijana ya taifa iliyoko Plymouth, Michigan, na msimu wa 2022–23 Perreault alipata pointi 132 huko, akivunja rekodi ya Auston Matthews ya 117. Smith alipata 127. Juni 2023 wote wakachukuliwa raundi ya kwanza ya drafti: Smith wa nne na San Jose, Leonard wa nane na Washington, Perreault wa 23 na New York Rangers. Kisha wote watatu wakaja Chestnut Hill. Smith ametoka Lexington, Leonard ametoka Amherst, miji ya jimbo hilihili. Perreault ni mtoto wa Yanic Perreault, aliyekuwa bingwa wa kugombea kisahani mwamuzi anapokidondosha.

Mwisho wa msimu Leonard alikuwa na mabao 31 na pasi 29, Perreault mabao 19 na pasi 41. Sitini kwa sitini. Ukiwaangalia wakicheza unaona kwa nini: Leonard anakwenda mbele ya goli kupigana, Perreault anaona upenyo ambao haujafunguka bado, Smith anawaunganisha.

Sasa niambie, nani hapo apewe na nani anyimwe? Nilijaribu. Nilikaa na daftari jioni nzima, na kila nilipompa mmoja nilikuta bao lake lina alama ya vema ya mwenzake. Kuwatenganisha kungekuwa uongo. Ndiyo maana nikaanzisha tuzo ya safu, na ya mwaka wa kwanza nikampa mtu ambaye kazi yake hafanyi na yeyote.

Kipa? Timu iliyokuwa inafunga zaidi ya mabao manne kwa mechi ilihitaji kipa kweli?

Ilihitaji kuliko timu yoyote. Timu inayoshambulia namna ile inaacha nafasi nyuma. Beki anapanda, pasi inakatwa, na ghafla kuna wapinzani wawili na kipa mmoja. Mashabiki wanakumbuka bao tulilofunga dakika iliyofuata, hawakumbuki kwamba kabla yake kuna mguu ulionyooka ukagusa kisahani kwa ncha ya kiatu.

Fowler anatoka Melbourne, Florida. Montreal walimchukua raundi ya tatu, wa 69, hivyo alifika bila kelele walizokuja nazo wale watatu. Nilichompendea ni utulivu. Makipa wadogo wana papara, wanarukia michomo, wanaanguka mapema. Huyu anabaki amesimama mpaka mpigaji aamue, na mchomo ukija unamkuta kifuani kana kwamba walikuwa wamekubaliana. Msimu ulipoisha alikuwa ameshinda mechi 32, akipoteza 6 na sare 1, na katika kila michomo 1,000 angeokoa 926. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza, chini ya mizigo ya matarajio kama ile, sikuwa na jina jingine.

Nahodha Powell hafungi sana. Umeona nini kwake?

Kutoka. Neno hilo tu. Wapinzani wakikirusha kisahani kwenye kona yetu na kukimbilia kuja kumbana beki, Powell alikuwa anatazama nyuma ya bega mara mbili kabla hajakifikia, na akikifikia tayari anajua kinakwenda wapi. Pasi moja, mita kumi, kwenye gongo la mtu anayekimbia. Mashambulizi mengi ya vijana wale yalianzia kwenye mgongo wake uliogeukia goli letu. Ndizo zile nukta nilizozizungushia duara.

Alikuwa mwaka wa nne, na alikuwepo msimu wa 2022–23 tulipomaliza na ushindi 14, vipigo 16 na sare 6. Aliyekula shida ile halafu akapokea chumba kilichojaa vijana maarufu bila ugomvi kusikika nje, huyo amefanya kazi ambayo hata daftari langu halina alama yake.

Malone na Jellvik?

Jellvik ni Mswidi, alikuwa akicheza sana pembeni ya Gauthier. Mabao mengi mliyoyapigia kelele ya Gauthier yalianza na mkono laini wa huyu. Basi.

Malone alikuja kutoka Cornell akiwa ameshamaliza shahada yake ya kwanza, mtu mzima kati ya watoto. Alikuwa akiingia wakati tuna uongozi mwembamba na wapinzani wana presha, na akitoka hakuna kilichotokea. Kwangu mimi "hakuna kilichotokea" ni sifa. Watu walinishangaa Januari. Machi, tukiwa Providence kwenye robo fainali ya taifa dhidi ya Quinnipiac, waliokuwa mabingwa watetezi, mechi ilifika 4–4 na kwenda muda wa nyongeza. Nyota wote wale, vijana wote wa raundi ya kwanza, na aliyefunga la tano alikuwa Jack Malone. Nilikuwa sebuleni kwa rafiki yangu mmoja aliyenipinga kuliko wote. Alinyanyuka akanishika mkono bila kusema neno.

Kocha naye apewe tuzo?

Huwa sitoi kwa makocha, lakini Greg Brown anastahili maneno machache. Alichukua kiti cha Jerry York mwaka 2022, na York alistaafu akiwa na ushindi 1,123, wengi kuliko kocha yeyote wa wanaume katika historia ya hoki ya vyuo Marekani. Kiti kama hicho kinaunguza. Brown mwenyewe alikuwa beki wa BC miaka ya themanini, kwa hiyo alijua nyumba. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Wa pili, ushindi 34, vipigo 6, sare 1.

Wachezaji hawa tayari wamechaguliwa na timu za NHL. Wanafanya nini chuoni, na wanalipwa?

Drafti ya hoki inaipa timu haki ya mchezaji, haimlazimishi kujiunga mara moja. Kijana anaweza kusoma na kucheza chuoni huku klabu ikimsubiri. Wakati ule hawakuwa na mshahara kutoka chuoni, ila tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao kwenye matangazo. Msimu ukiisha anaamua: Gauthier alisaini na Anaheim siku chache baada ya fainali na kucheza mechi yake ya kwanza ya NHL Aprili hiyohiyo. Smith alikwenda San Jose. Leonard, Perreault na Fowler walibaki mwaka mmoja zaidi, jambo lililonifurahisha mno.

Na Macklin Celebrini? Je, hakuwa bora kuliko wote?

Alikuwa wa watani wetu wa jadi, Boston University (BU), umbali wa safari ya treni moja tu kwenye njia ileile ya kijani. Tuzo zangu ni za BC. Lakini siwezi kumnyima mtu haki yake: miaka 17, mabao 32 na pasi 32 katika mechi 38, na akachukua Hobey Baker, tuzo kubwa kuliko zote za hoki ya vyuo kwa wanaume, akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Gauthier alikuwa kati ya watatu wa mwisho. Januari tuliwafunga BU mara mbili wikendi moja, Februari wakatutoa kwenye Beanpot, Machi tukawanyang'anya kombe la ligi. Ukiwa na mtani wa namna hiyo, timu yako hailali.

Timu ya wanawake unaitolea tuzo?

Bado, na sababu ni moja: siendi mechi zao za kutosha kuwa na haki ya kusema. BC ndiko alikotoka Alex Carpenter, mshindi wa Patty Kazmaier, tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo, mwaka 2015, kwa hiyo historia ipo. Nikizifuata msimu mzima nitaandika.

Kwetu Afrika Mashariki kuna hoki ya barafuni?

Ipo, Nairobi. Kenya Ice Lions walijifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, uwanja ambao hautoshi timu kamili kujipanga. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada na kucheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huu. Nikiwa Conte Forum na kuona gari la kulainisha barafu likizunguka mapumzikoni, huwa nawawaza vijana wale wa Panari na kile kipande chao kidogo.

Fainali mlifungwa. Tuzo hizi zina maana gani tena?

Tarehe 13 Aprili 2024, St. Paul, Minnesota. Nusu fainali tulikuwa tumewafunga Michigan 4–0, Fowler hajaruhusu kitu. Fainali Denver walifunga mawili kipindi cha pili, Jared Wright na Rieger Lorenz, na mlango ukafungwa. Kipa wao, Matt Davis, aliokoa michomo 35, mingi kati yake kipindi cha tatu wakati sisi tunakuja kama mawimbi. Timu iliyokuwa inafunga zaidi ya mabao manne kwa mechi iliondoka na sifuri. Denver wakatwaa ubingwa wao wa kumi. Sisi tumeutwaa mara tano, ya mwisho mwaka 2012.

Kuna waliosema nifute majina. Sikufuta hata moja. Kilichotokea usiku ule ni kwamba kijana mmoja wa Denver alicheza mechi ya maisha yake. Hakiwezi kurudi nyuma hadi Novemba na kumfanya Gauthier asiwe amefunga, wala Powell asiwe ametoa zile pasi za mita kumi. Na niweke wazi kwamba iliuma. Nilikaa na koti langu mwilini, ndani ya nyumba yenye joto, mpaka saa saba usiku.

Ukipewa nafasi ya kubadilisha jina moja?

La Gauthier libaki. Ningempa Fowler nafasi kubwa zaidi kwenye maandishi yangu, kwa sababu Januari nilimweka kama kipa mzuri kwa umri wake, na ukweli ni kwamba alikuwa kipa mzuri, nukta. Msimu uliofuata alitunukiwa Mike Richter, tuzo ya kipa bora wa vyuo nchini. Kwenye daftari langu la Januari 2025, chini ya "mchezaji bora wa nusu msimu," jina la kwanza kuandikwa lilikuwa lake, kwa wino, bila kufutwafutwa.